Springi ya gari imenimalizia biti tatu

Swali: Shikamoo fundi. Niko Pongwe, nina karakana ndogo nyuma ya nyumba. Natengeneza vifuo vya kufulia nazi kwa springi za pikapu, unene milimita 8. Niliazima mashine ya plazma, ile inayokata chuma kwa moto wa umeme na hewa ya kompresa, nikakata umbo vizuri tu. Matundu mawili ya bolti kwenye mguu nikayatoboa kwa plazma hiyohiyo, madogo, ili niyapanue kwa drili mpaka milimita 10. Biti tatu zimeungua ncha na tundu halijaongezeka hata kidogo. Nimeuziwa biti feki, au kuna mahali nakosea?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Biti usizilaumu kwanza. Chukua tupa uipitishe katikati ya springi, mahali ambapo moto haukufika. Itang'ata kidogo. Sasa ipitishe kwenye mdomo wa lile tundu. Itateleza kama unasugua chupa, na utasikia kamlio kembamba. Hapo ndipo biti zako zilipofia.

Springi ina kaboni kama asilimia 0.6, chuma cha kawaida cha madirisha hakifiki hata nusu ya hiyo. Chuma chenye kaboni nyingi namna hiyo kikiiva kikawa chekundu, kisha kikapozwa ghafla, kinakuwa kigumu sana. Utaniambia hukukitia majini. Ni kweli, lakini springi yenyewe ndiyo iliyokuwa maji. Plazma iliivisha ukanda mwembamba tu kwenye mdomo wa tundu, na chuma baridi kilichouzunguka kikaunyonya moto ule kufumba na kufumbua. Tena unakata kwa hewa ya kompresa, na asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, ambayo nayo huingia kwenye chuma kilichoyeyuka na kuzidi kukikaza. Kwa Rockwell C, kipimo cha ugumu wa chuma, springi ni kama 45. Mdomo ule unaweza kukaribia 60, na biti nzuri ya haispidi, chuma cha kawaida cha biti, yenyewe ni 63 hadi 65. Hapo biti inasugua tu, inapata moto, ncha inaungua.

Kifuo kinataka ugumu kwenye ncha inayoingia kwenye kumbi. Mguu umebanwa kwa bolti kwenye gogo. Ukiwa laini hupotezi kitu. Kwa hiyo lainisha mguu peke yake.

Washa mkaa kwenye jiko lenye mvukuto au feni, uingize mguu tu, ncha ibaki nje ikiwa imefungwa kitambaa kilicholowa. Kazi hii ifanye kivulini au magharibi ikiingia. Kwenye jua letu la mchana chuma chekundu kinaonekana bado cheusi, utakipitisha moto bila kujua. Rangi ikikusumbua, tumia sumaku: ikifika nyuzi 770 hivi chuma hakishikwi tena na sumaku. Pita hapo kidogo, kisha fukia mguu kwenye debe la majivu makavu, uache mpaka asubuhi. Nasisitiza makavu. Majivu yaliyokaa nje hapa pwani hunyonya unyevu, na unyevu utakirudishia chuma ugumu uleule unaoukimbia. Mimi huyakaanga kwanza kwenye kikaango cha zamani hadi yatoe joto mkononi.

Asubuhi rudia ile tupa. Iking'ata vizuri, safisha mdomo wa tundu kwa tupa ya mviringo, maana tundu la plazma lina magamba yanayoweza kuinasa biti na kuivunja. Bana kifuo kwenye jiliwa, usikishike kwa mkono hata kwa tundu moja la haraka. Biti ikinasa, springi inazunguka nayo na vidole haviponi. Drili nyingi za mkono hufika mizunguko 2,800 kwa dakika. Kwa biti ya milimita 10 wewe unataka kama 300. Tia oili, kandamiza kwa nguvu bila kulegeza, na angalia kinachotoka: vipande vilivyojikunja ni dalili njema, vumbi jeusi maana yake biti imekufa makali, simama uinoe.

Kama moto huutaki kabisa, utahitaji biti ya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko haispidi, na drili ya kusimama. Kwa drili ya mkono kabaidi huvunjika ikiyumba kidogo tu, na bei yake si ya kuchezea.

Kuna jambo hukuuliza, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Ukingo wote uliokata kwa plazma una ganda lilelile gumu, na ganda hilo hupasuka. Mtu anaegemeza uzito wake wote kwenye kifuo, uso uko juu ya ncha. Saga kingo zote kwa grenda, milimita 2 kuingia ndani, polepole, chuma kisigeuke rangi ya buluu. Springi iliyokwisha kuwa na ufa tangu ikiwa garini itupe.

Vifuo vinavyofuata, anza na majivu, toboa kwa drili, plazma iwe ya mwisho. Na kabla ya kukata, fungua koki ya chini ya tangi la kompresa utoe maji. Hewa ya Tanga hulijaza haraka, na maji hayo ndiyo yanayokula pua ya tochi ya plazma.