Nitrati kisimani: ya chooni au ya shambani?

SWALI: Kisima chetu kimepimwa na kukutwa na nitrati miligramu 60 kwa lita. Jirani yake kuna shamba linalotiwa mbolea ya chumvichumvi, na upande wa pili choo cha shimo. Maabara itapima isotopu (aina za atomi za kitu kilekile zinazotofautiana kwa uzito), ila maji nichote mwenyewe. Nichote lita ngapi, na majibu niyasomeje?

JIBU: Hakuna haja ya lita. Maabara nyingi sasa hutumia bakteria wanaogeuza nitrati kuwa gesi, na kwa kiwango chako hata tone moja linatosha kipimo kimoja. Chukua chupa mbili za plastiki za mililita 60, ya pili iwe akiba. (Uliza pia kama hiyo 60 ni nitrati nzima au nitrojeni yake tu, tofauti ni mara 4.4.)

Maji yaliyolala kwenye bomba usiyahesabu. Piga pampu hadi jotoridi, pH na upitishaji umeme vitulie, ndipo uchote.

Kazi kubwa ni kuchuja, tena hapohapo kisimani. Bakteria waliomo majini huendelea kula nitrati ndani ya chupa, na huanza na nitrojeni-14 iliyo nyepesi. Inayobaki huonekana nzito kuliko ilivyokuwa. Tumia bomba la sindano na kichujio cha maikromita 0.2. Cha 0.45 hupitisha baadhi ya bakteria, kwa hiyo kitangulize tu pale maji yana tope. Mwaga mililita 20 za kwanza, suuza chupa mara tatu kwa maji yaliyochujwa, kisha jaza robo tatu tu, maana barafu hutanuka na kupasua chupa. Gandisha kwa nyuzi −20. Asidi usitie kabla maabara haijakuambia: huvuruga nitriti (ndugu ya nitrati, yenye oksijeni moja pungufu) na hudhuru bakteria wa kipimo.

Majibu sasa. Nitrojeni-15, ile nzito, huhesabiwa kwa elfu ikilinganishwa na nitrojeni ya hewani. Mbolea ya viwandani huwa karibu na sifuri. Samadi na choo mara nyingi +7 hadi +20 kwa elfu. Ukipata +13 usikimbilie kulaumu choo. Mahali pasipo na oksijeni, bakteria wa ardhini huweza kuipandisha hata nitrati ya mbolea. Dalili yake ni oksijeni-18 (oksijeni nzito) kupanda pamoja nayo, kama nusu ya kiasi hicho au zaidi, huku nitrati ikipungua.

Samadi na choo isotopu hizi hazitenganishi. Ukishuku vyote viwili, omba pia kloridi na isotopu za boroni, na hapo chupa ya kioo marufuku, kwa sababu kioo cha maabara chenyewe kina boroni.