Fupi ya kiwandani au fupi ya msumeno?

MUULIZE FUNDI MSTAAFU

Barua za mwezi huu karibu zote ni za bastola za zamani za silinda, zile zenye mtutu mfupi, basi nimeziachia safu nzima. Kwa asiyenifahamu: nilikuwa fundi wa ghala la silaha mpaka nilipostaafu, naishi Tabora, na nyumbani kwangu hamna bastola hata moja. Nilichonacho ni madaftari yenye chapa, namba na vipimo vya silaha zilizopita mikononi mwangu. Hayo ndiyo makusanyo yangu.

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Marehemu baba aliacha bastola aliyokuwa na kibali chake. Tulipoikabidhi polisi, askari alituruhusu kunakili maandishi yake. Kuna taji, na chini yake duara refu kama yai lenye herufi ELG na kinyota. Ina matundu 5 ya risasi na mtutu wa inchi 2 na nusu. Kaka zangu wanadai babu aliipata kwa ofisa wa Kijerumani mwaka 1916, meli ya Graf von Götzen ilipozamishwa huku kwetu, na kwamba ELG ni kiwanda cha Ujerumani. Wameshaanza kugawana hela ambayo hatujaiona. Je, ni kweli?
Binti wa Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni na msiba. Kuikabidhi mlifanya jambo la maana. Kibali kilikuwa cha baba, hakirithiwi kama shamba. Anayeitaka miongoni mwenu aombe kwa jina lake mwenyewe, kwa utaratibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na mpaka ajibiwe ibaki hukohuko kituoni.

Sasa hiyo ELG. Si kiwanda, na si ya Mjerumani. Ni chapa ya ukaguzi ya mji wa Liège, Ubelgiji. Ichukulie kama nembo ya TBS kwenye mfuko wa unga: inakwambia bidhaa imepimwa ikapita, haikwambii nani kaisaga. Liège ilijaa karakana, kubwa na ndogo, na zote zilipaswa kupeleka mitutu na silinda zikajaribiwe kwa baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuuzwa. Na hilo taji lina kazi yake: liliongezwa juu ya yai mwaka 1893. Yenu basi imepimwa mwaka huo au baadaye.

Kwa maelezo yako, matundu 5, mtutu wa inchi 2 na nusu, jina la kiwanda hakuna, naona ni nakala ya British Bull Dog. Ya asili ilitoka kwa mtengenezaji Webley wa Birmingham, Uingereza, mwaka 1872. Ilikuwa ya kuwekwa mfuko wa koti, na ndiyo aina iliyotumika kumpiga risasi Rais James Garfield wa Marekani mwaka 1881, pale stesheni ya treni Washington. Wabelgiji waliiiga kwa wingi, nyingine kwa umbo zuri kabisa, nyingine hovyo.

Revolva, yaani bastola ya silinda, ya jeshi la Ujerumani mngeitambua upesi. Ile ya 1883, ambayo ni fupi kuliko ya 1879, ina matundu 6, nyundo lazima uivute kwa kidole gumba kila unapotaka kufyatua, na upande wa kushoto ina kizuizi cha usalama. Haina hata kijiti cha kusukumia nje maganda ya risasi. Askari alitoa ganda mojamoja. Zilizotengenezwa mjini Suhl, Ujerumani, zina chapa yenye herufi za mafundi watatu walioshirikiana, S&S, V.C.S. na C.G.H., na zile za Erfurt zina jina la mji wenyewe.

Lakini babu msimwite mwongo. Wanajeshi wa Kibelgiji waliingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916 na Tabora tarehe 19 Septemba, na baada ya vita Ubelgiji ilipewa sehemu yake bandarini Kigoma. Bastola ya Liège kufika Ujiji haihitaji Mjerumani. Hela? Nakala zisizo na jina zipo nyingi mno duniani. Waambie kaka zako wasikope kwa kuitegemea.

SWALI: Mzee wangu, mimi na shemeji yangu kila mmoja ana Smith & Wesson ya .38 (ndicho kipimo cha risasi yake), fupi, matundu 5, vibali tunavyo. Muuzaji alisema ni aina moja. Yangu kitufe cha kufungulia silinda ni bapa, ya shemeji kimepinda. Yangu ina skrubu 4, yake 3. Nani kauziwa bandia?
Mfanyabiashara, Isevya, Tabora

JIBU: Hakuna aliyeuziwa bandia. Wewe una mkubwa, yeye ana mdogo, wa baba mmoja. Swali la namna hii ndilo linalonifanya nisahau chai ikapoa.

Hiyo ni Chiefs Special. Ilitoka mwaka 1950, na jina lake walilichagua wakuu wa polisi wa Marekani kwenye mkutano wao Colorado Springs. Za mwanzo zilikuwa na skrubu 5: 4 zinashika bamba la ubavuni, 1 iko mbele ya kikingio cha kifyatulio. Kiwanda kikaondoa ya juu ya bamba, zikabaki 4. Baadaye kikaondoa ile ya mbele, zikabaki 3. Kitufe bapa kilidumu mpaka katikati ya miaka ya 60, kikaja hicho kilichopinda.

Mwaka 1957 kiwanda kiliacha kutegemea majina na kuanza namba, Chiefs Special ikawa Model 36. Fungua silinda ya shemeji na utazame kwenye fremu, pale mkono wa silinda unapojificha ikifungwa. Ukikuta MOD 36 umejua, na kama kuna kistari na tarakimu nyingine mbele yake, hayo ni mabadiliko ya kiufundi yaliyofuata. Kisha tazama chini ya mpini: ikiwa namba inatanguliwa na herufi J, ni ya 1969 au baada yake. Yako, kwa skrubu 4 na ikiwa haina MOD, ni ya miaka ya 50.

Kwa maoni yangu yako ndiyo nzuri zaidi, ila usimwambie shemeji kwenye shughuli ya familia.

Msichanganye na Colt Detective Special, ambayo nayo ni fupi na ni ya .38. Hiyo ni ya mwaka 1927, ina matundu 6, kitufe chake unavuta nyuma wakati cha Smith unasukuma mbele, na silinda yake inazunguka kulia wakati ya Smith inazunguka kushoto. Kijiti chake cha kusukumia maganda kilikaa wazi chini ya mtutu mpaka ilipofika miaka ya 70, ndipo kikafunikwa.

SWALI: Bastola ya mzee wangu, yenye kibali, imechakaa rangi. Fundi wa pikipiki ameahidi kuing'arisha kwa msasa laini kisha kuipaka nikeli. Nimruhusu?
Nzega

JIBU: Hapana. Kwanza, fundi wa pikipiki hana ruhusa ya kushika silaha yako. Pili, msasa hula kingo za herufi, na herufi ndizo zinazoitambulisha silaha. Kitambaa laini na mafuta kidogo ya silaha vinatosha.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimestaafu idara ya wanyamapori. Rafiki yangu mwenye kibali ana Webley ya .455, juu imeandikwa MARK VI, ila mtutu wake ni mfupi sana. Anaringa kwamba ni toleo adimu la maofisa wapelelezi. Nami nina shaka.
Mstaafu, Kasulu

JIBU: Marahaba mstaafu mwenzangu. Shaka yako ina msingi.

Mark VI iliingia jeshini Uingereza Mei 1915 ikiwa na mtutu wa inchi 6. Za kabla yake, Mark I mpaka V, kwa kawaida zilikuwa na inchi 4. Kiwanda kiliuza pia Mark VI za inchi 4 kwa polisi na raia, hivyo inchi 4 peke yake si ushahidi kwamba mtutu ulikatwa kwa msumeno. Inchi 2 na kitu ndiyo itanifanya nivae miwani.

Aitoe risasi zote yeye mwenyewe, aangalie kila tundu, halafu mpime. Mtutu wa revolva hupimwa kuanzia mdomoni hadi unapokoma mbele ya silinda, silinda haihesabiwi. Kisha tazameni kilengeo cha mbele. Kwenye Mark VI ni kipande kidogo kinachokaa kwenye kitako chake na kushikwa na skrubu. Aliyekata mtutu amekata na kitako hicho, kwa hiyo atakuwa amechomelea kipande kingine juu ya chuma tupu. Mmoja niliyemwandika daftarini alitumia sarafu, akaikata nusu. Sitanii.

Kisha mdomo wenyewe. Wa kiwandani umezungushwa kwenye mashine, ukingo wake ni sawa pande zote. Wa msumeno una mistari ya tupa, na mara nyingi upande mmoja umezidi. Na maandishi ya ubavuni: kwenye fupi ya kiwandani neno huanza na kuisha ndani ya mtutu, likiwa limekaa katikati. Nimewahi kushika Colt iliyosomeka POLICE POSITIVE SPE, basi. Zilizobaki zilikwenda na vumbi la chuma.

Mkikuta ni ya msumeno, rafiki yako asikae kimya. Aende nayo polisi aulize, maana urefu wa mtutu ulioandikwa kwenye kumbukumbu zake huenda haulingani na ule alioushika.

SWALI: Babu, mimi ni mwanafunzi hapa Tabora. Nataka kuwa mkusanyaji kama wewe. Nianze na ipi? Nimekutumia picha ya moja niliyoiona kwenye maonyesho.
Kijana, Cheyo

JIBU: Mjukuu wangu, anza na daftari la kurasa nyingi na penseli laini. Kila silaha ina kibali chake na sababu yake, na "naipenda" si sababu itakayokubaliwa. Chapa haziombewi kibali. Ukiruhusiwa na mwenye silaha, weka karatasi nyembamba juu ya chapa, sugua penseli ikiwa imelala, herufi zitajitokeza zenyewe. Andika pembeni: iko upande gani, urefu wa mtutu, idadi ya matundu, skrubu ngapi. Kutakuja mtu aseme anakuuzia "ya kale" kichakani kwa bei ya baiskeli. Huyo mkimbie, kisha kamwambie mzazi wako.

Picha yako ina matundu 7, basi naiona ni Nagant ya 1895, bastola ya Urusi iliyobuniwa na Mbelgiji. Za mwanzo zilitengenezwa Liège, kisha kazi ikahamia Tula, Urusi. Ila umepiga upande wa kulia tu. Ukirudi kwenye maonyesho, nipigie upande wa kushoto, mwanga utoke pembeni, nijue ni Liège au Tula.