Mwenzako Akiwa Mwandishi wa Gazeti, Usingoje Tuzo

Mke wangu ametuzwa, na nalitangaza kwa kinywa kipana. Makala yake ya gazetini kuhusu wavuvi wa Lamu na bandari ya Kililana imechaguliwa miongoni mwa zilizo bora mwaka huu. Tangu habari zifike kwetu Amu, mji wa Lamu, simu yangu haijatulia, na wengi waniuliza jambo moja: mtu huishije na mke mwanahabari? Basi nijibu.

Kwanza ijueni kazi yenyewe. Waandishi wengi wa magazeti huku mikoani hawana mshahara. Hulipwa kwa stori iliyochapishwa. Mke wangu hupanda boti kwenda Kizingitini, kisiwani Pate, akahoji watu kutwa nzima, kisha usiku mhariri akaikata stori ikabaki aya tatu, au isitoke kabisa. Nauli hiyo imetoka nyumbani kwetu. Wasomaji huliona jina tu.

Na makala hii haikuja kwa bahati. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari. Siku ile magazeti yaliandika, kisha yakashika mengine. Yeye hakuiacha. Gati ya kwanza ilipofunguliwa Mei 2021, wageni wakubwa wakaja wakaondoka, naye akarudi kwa wavuvi wale wale kuwauliza: mwavua wapi sasa? Nani ameuza mashua? Nani hana injini ya kumfikisha bahari kuu? Alirudi tena na tena, hata wazee wakawa wamwita mwanetu. Mimi nasema huo ndio uandishi, na waliomtuza wameona nilichokiona zamani.

Sasa niseme la moyoni. Jamaa yangu wa damu aliwahi kuniuliza barazani, watoto wangu wakisikia: "Mkeo yuwapi leo? Mume gani wewe, mke azurura visiwani na daftari?" Juzi alikuwa wa kwanza kuja na halua kutoa pongezi. Nilimkaribisha, nikammiminia kahawa, tukazungumza vizuri. Lakini neno lile lingali linaniuma, wala sitajifanya limeniondoka.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeoa au kuolewa na mwandishi, soma anachoandika. Soma hata kile kipande kidogo cha ukurasa wa ndani, ukikate ukiweke. Mimi nina faili imejaa, na alipotakiwa kupeleka kazi zake kwa majaji, humo ndimo tulimopekua. Usimuulize nani amempa siri. Jina la aliyemwamini si lako. Muulize atarudi na boti gani na amefuatana na nani, kwani hilo ni haki yako kulijua. Na mtu akimsema vibaya, mjibu papo hapo, usingoje cheti kikutetee.

Wanaume wenzangu wa pwani, mbona pilau ya mke twaisifu hadi mtaa wa pili usikie, na kalamu yake twainyamazia? Mtume wetu alimuoa Bi Khadija, mfanyabiashara mwenye misafara yake, wala hakumuonea haya. Sisi ni nani basi? Soma kazi yake, msifu, msifu mbele za watu.

Na wewe kijana wa Malindi uliyeniandikia kwamba mchumba wako asomea uanahabari na mamako hataki kusikia: kaa na mamako wewe mwenyewe, kwa adabu, kabla ya posa. Usimtwike binti wa watu mazungumzo hayo. Mpelekee mamako gazeti lenye jina la binti, na kama kusoma kunamtatiza macho, msomee.