Je, msuli wa moyo unaweza kulishwa damu kupitia vena?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 66 na ana kisukari. Akipanda ngazi kifua kinambana. Amepigwa picha ya mishipa ya moyo, tukaambiwa ateri zimeziba kwa urefu hadi kwenye matawi madogo, kwa hiyo hakuna pa kuweka stenti (kijibomba cha wavu cha kuzibua mshipa) wala pa kuunganishia baipasi (mshipa wa kuzunguka palipoziba). Nimesoma kwamba vena za moyo, yaani mishipa inayoondoa damu iliyokwisha kutumika, hazizibi kwa mafuta. Kwa nini damu isipitishwe huko? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Jambo hilo limeshajaribiwa kwa binadamu. Katika miaka ya 1940, Claude Beck, daktari wa upasuaji wa Cleveland, Marekani, aliunganisha kipande cha mshipa kutoka aota, ateri kuu itokayo moyoni, hadi kwenye mfereji mkuu wa vena za moyo, ule ulio nyuma ya moyo unaomwaga damu iliyokwisha kutumika katika chumba cha juu cha kulia. Baadaye alimrudisha mgonjwa na kuubana mfereji huo, damu isitoroke kabla ya kupita kwenye msuli. Ulikuwa upasuaji mzito wenye hatari kubwa, ukaachwa.

Na damu kweli hupita kinyume. Sisi wa chumba cha upasuaji tunaiona. Tunapobadilisha vali ya aota, mara nyingi tunaingiza mrija wenye puto dogo kwenye mfereji huohuo na kusukuma damu baridi yenye potasiamu, ili moyo usimame na msuli usife. Vena za juu ya moyo zinatuna. Kisha, ndani ya aota iliyofunguliwa, damu nyeusi inachuruzika kutoka kwenye matundu ya ateri za koronari, zile zinazolisha moyo, pale ambapo siku zote huingilia. Lakini wakati wote huo kuna mtu anayekodolea macho kipimo: presha haitakiwi kuvuka milimita 40 za zebaki. Na upande wa kulia wa moyo hupata kidogo, kwani vena zake nyingi hazipitii mfereji huo.

Hapo ndipo wazo lako linapokwama. Presha ya aota ni kama 120 kwa 80, na vena zimezoea presha ndogo sana. Ukizifungulia damu ya aota saa 24, msuli unavimba maji, vena zinaweza kupasuka, na zinazosalimika zinakuwa nene na kuganda damu. Zaidi ya hayo, sehemu ya damu hupenya kwenye vijishipa vinavyomwaga moja kwa moja ndani ya vyumba vya moyo, bila kugusa kapilari, vijishipa vyembamba vinavyolisha msuli. Hata hilo la vena kutoziba kwa mafuta ni kweli maadamu presha iko chini. Vena ya mguu tunayoitumia kwenye baipasi, njia aliyoisimamisha daktari wa upasuaji René Favaloro mwaka 1967, ikishabebeshwa presha ya ateri, baada ya miaka huziba vilevile.

Kilichobaki hai ni kifaa kidogo cha wavu wa chuma, chembamba katikati, kinachopitishwa kwenye vena ya shingo na kuachwa ndani ya mfereji ule. Hakigeuzi mkondo. Kinachelewesha damu kutoka, presha ya nyuma inapanda kidogo, na inadhaniwa damu inasukumwa kuelekea sehemu zenye njaa. Katika utafiti wa COSIRA wa 2015, wenye wagonjwa 104, asilimia 35 ya waliowekewa walipata nafuu kubwa, dhidi ya 15 ya wasiowekewa. Utafiti mwingine wa kifaa hicho, ORBITA-COSMIC wa 2024, ulionyesha maumivu yamepungua, lakini mtiririko wa damu kwenye msuli kwa jumla haukuongezeka. Mimi nakihesabu kuwa kitulizo cha maumivu, basi.

Kwa mzee, chukueni CD ya ile picha mkaombe maoni ya pili ya jopo la moyo, kwa mfano Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mshipa ambao daktari mmoja ameukataa, mwingine huweza kuushona. Waulizeni madaktari pia kama dawa zake za kupunguza mapigo na lehemu zimefikishwa kwenye dozi inayotosha; wengi ninaowaona bado wako kwenye dozi ya kuanzia. Kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana kikae mfukoni mwake, si kabatini, na asikitumie kabisa ikiwa amemeza dawa za nguvu za kiume. Akishakiweka, dakika tano zikapita kifua bado kimebana, msisubiri kupambazuke: mpelekeni hospitali.