Mwanangu, kuhusu samli ya kila siku

Mwanangu mpenzi,

Salamu zako zimenifikia, na swali nimelisoma. Unataka kujua ununue samli gani ya mapishi ya kila siku, ya ng'ombe, ya nyati wa kufugwa au ile ya mimea ya kopo, maana mkwe wangu akinywa maziwa tumbo humnguruma, na wewe kiungulia hukuamsha usiku.

Nunua ya ng'ombe. Ile ya mimea ni samli kwa jina tu: ni mafuta ya mimea, mara nyingi mawese, yaliyotiwa rangi na harufu. Usitazame picha ya mbele, soma viambato vilivyoandikwa kwa herufi ndogo. Ukikuta mafuta yaliyogandishwa nusu kwa hidrojeni, rudisha kopo palepale, kwani hayo huziba mishipa ya moyo. Ya nyati ni samli halali, nyeupe kwa sababu mnyama huyo hugeuza karotini, ile rangi ya manjano ya majani anayokula, kuwa vitamini A, ilhali ya ng'ombe hubaki na umanjano. Tumboni hutaona tofauti, kwa hiyo usilipe zaidi kwa ajili ya hilo.

Samli ya chupa ya wafugaji hutokana na maziwa ya mgando yaliyosukwa, nayo ina harufu kali, pengine na moshi wa kibuyu. Kwenye maharage inapendeza mno. Kwenye keki itakufedhehesha. Onja kabla ya kulipa. Ikikwaruza koo, imeshaharibika.

Kama humwamini muuzaji, pika mwenyewe. Kilo 1 ya siagi isiyo na chumvi hutoa gramu 800 hivi za samli. Zinazopotea ni maji na mashapo. Tumia sufuria nzito na kavu, kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu povu hupanda. Yeyusha kwa moto wa wastani, kisha punguza hadi mdogo kabisa na uache bila mfuniko. Mwanzoni utasikia mchemko wa kelele: ni maji yanayotoka. Baada ya nusu saa au zaidi kelele hufifia, mafuta huwa angavu na mashapo ya chini hugeuka rangi ya dhahabu. Epua hapo hapo, usingoje yawe kahawia, maana sufuria ya moto huendelea kuyaunguza hata nje ya jiko, na samli ikawa chungu. Ukiepua mapema, maji hubaki ndani na baada ya wiki chache samli huchacha au kuota ukungu. Iache ipoe kidogo, ichuje kwa kitambaa safi kikavu, uimimine kwenye chupa ya kioo. Usiifunge ingali moto. Mvuke utadondokea humo. Kijiko chenye maji nacho usikiingize kamwe. Ikitunzwa hivyo, mbali na mwanga, miezi 3 inakaa bila friji.

Sasa tumbo. Sukari ya maziwa inayomsumbua mkwe wangu huondoka karibu yote na mashapo, kwa hiyo samli iliyochujwa vizuri kwa kawaida haimdhuru. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ni habari nyingine: chembe ndogo hubaki, asiguse.

Wewe wa kiungulia, kubadili aina ya samli hakutakusaidia. Mafuta yoyote yakizidi hukawiza chakula tumboni na kulegeza mlango wa juu wa tumbo, asidi ikapanda. Weka kijiko kikubwa 1 kwa nusu kilo ya mchele, au kijiko cha chai kwa kila mlaji kwenye mboga, na mmalize kula ukiwa umebaki muda wa saa 3 kabla ya kulala. Kijiko kikubwa kina kalori 120 hivi na gramu 8 au 9 za mafuta yaliyoshiba, yale yanayoganda, wakati mtu mzima anashauriwa asizidi gramu 22 kwa siku nzima. Maandazi kaanga kwa mafuta ya alizeti. Samli ya kuzamishia maandazi ni hasara ya pesa na ya tumbo. Na wale wanaokwambia maziwa ya moto yenye samli hufungua choo, waitikie kwa adabu, kisha ule papai na unywe maji.

Lakini ukianza kusikia maumivu chini ya mbavu za kulia kila baada ya chakula cha mafuta, nenda hospitali ukapimwe vijiwe vya nyongo. Hayo hayatulizwi jikoni.

Mashapo yakiwa ya dhahabu ni matamu kwa muhogo wa kuchemsha. Kula wewe na watoto. Mkwe wangu mnyime, kwani sukari ya maziwa iliyobaki imelala humo.

Mama yako