Uliza Bi Msafiri: Miji mitatu kwa miguu, ya nne iache

*Bi Msafiri, shikamoo. Mimi ni mpishi katika hoteli hapa Malindi, na tajiri wangu ni Mtaliano wa Puglia. Mwezi wa tano ananipeleka kwao Bari wiki mbili nikajifunze mambo ya unga na oveni. Nimepewa Jumanne moja ya kupumzika. Kwenye ramani nimeona Alberobello, Locorotondo, Martina Franca na Ostuni zimepangana kama shanga, nikasema nitazitembea zote kwa miguu siku hiyo hiyo. Nilipomwambia tajiri alicheka tu, jibu hakunipa. Je, yawezekana? Na mimi ni Mwislamu, njiani nitakula nini?*
*Mpishi, Malindi*

Marahaba, mwanangu. Tajiri wako hakucheka bure. Hizo shanga tatu za kwanza kweli zimepangana, lakini ya nne ilidondoka ikabingirika mpaka karibu na bahari. Kutoka Alberobello hadi Ostuni ni zaidi ya kilomita 30. Utafika usiku, na Jumatano utasimama mbele ya oveni kwa miguu isiyokuwa yako. Ostuni iweke jioni nyingine, iko kwenye reli ya Bari kwenda Lecce, ingawa stesheni iko chini bondeni na mji uko juu kilimani.

Wewe shika Alberobello, Locorotondo, kisha Martina Franca. Kwa njia za mashambani ni kama kilomita 9 kipande cha kwanza na 7 cha pili. Wanaita miji ya vilimani, lakini usiogope: yote mitatu iko mita mia nne na kidogo juu ya bahari, kwa hiyo kazi yako ni kushuka bondeni taratibu na kupanda tena mwishoni. Na sababu yangu kubwa ya kuipenda njia hii ni reli. Treni za Ferrovie del Sud Est zitokazo Bari hupita miji hiyo mitatu kwa mpangilio huo huo. Ukifika Locorotondo goti linalalamika, unateremka stesheni, yamekwisha. Jumanne umebahatika. Mimi nalea mzee wa watu hapa Bari, mapumziko yangu ni Alhamisi mchana na Jumapili, na Jumapili usafiri wa huko hubana mpaka unachoka kusubiri kuliko kutembea.

Treni upande ya mapema, na saa uzihesabu kwao. Mwaka wangu wa kwanza niliambiwa “alle sette”, saba, nami kichwa kikatafsiri chenyewe: saa saba. Nikafika stesheni na jua la utosi, na kikapu changu cha chakula, wenzangu wameondoka tangu saa moja asubuhi.

Alberobello utazikuta trulli, zile nyumba za mawe zenye paa kama pia iliyopinduliwa. Mtaa wa Rione Monti una trulli zaidi ya elfu moja na kila ya pili inauza sumaku za friji. Pita, piga picha yako, kisha vuka upande wa pili uende Aia Piccola ambako watu bado wanaishi. Huko utaona nguo kwenye kamba, bibi akifagia kizingiti. Kuta zimepigwa chokaa mpaka zinauma macho, na wewe mtoto wa pwani harufu ya chokaa mbichi hutaambiwa ni nini. Ya kwetu ilichomwa kutokana na matumbawe, ya kwao ni jiwe la chokaa lililo chini ya miguu yao.

Hadithi ya mawe hayo hawachoki kuisimulia. Wanasema mabwana wa Conversano, waliokuwa na ardhi hii, waliwalazimisha watu wajenge bila chokaa wala udongo wa kushikia, ili wakaguzi wa mfalme wa Napoli wakija kutafuta kodi ya mji mpya, paa zibomolewe haraka kuwe hakuna mji. Mwaka 1797 mfalme Ferdinand wa Nne akawatoa mikononi mwa mabwana hao, na mwaka huo huo ikajengwa nyumba ya kwanza yenye mawe yaliyoshikizwa sawasawa, Casa D'Amore. Ipo hadi leo, ni nyumba ya kawaida tu, watu wanaipita. Mimi husimama.

Sasa sikiliza vizuri hapa, maana ndipo nilipokosea. Mara ya kwanza niliifuata simu, nayo ikanipeleka barabara kuu, ile SS172. Haina njia ya waenda kwa miguu. Malori yananipuliza, nimejibana kwenye ukuta kama mjusi, kila honi nasoma dua. Saa nzima namna hiyo. Usiku wa kabla, kaa na ramani utafute vijia vidogo vinavyopita kwenye *contrade*, yaani vitongoji, uviweke alama mwenyewe. Vina lami, vyembamba kiasi cha gari moja, na kwa saa nzima huenda ukapishana na magari mawili.

Hapo ndipo safari inapoanza. Pande zote mbili ni kuta za mawe makavu, zinakufika kiunoni. Siku moja nilikaa nikautazama ukuta mmoja uliobomoka kidogo, nikaona ulivyo: ni kuta mbili zimeegemeana, na katikati wamejaza changarawe na vipande. Hakuna kilichozishika ila uzito wake. Mawe hayo hawakuyanunua, waliyatoa shambani ili jembe lipite, na yaliyobaki wakajengea trulli. Ndani ya ufa kulikuwa na konokono weupe wamejipanga, wamelala. Nyuma ya ukuta udongo ni mwekundu, mwekundu wa Marafa kabisa, na juu yake mizeituni, milozi, mizabibu. Mwezi wa tano kuna na maua mekundu ya porini kila ukingo.

Utakachokikosa ni mto. Mvua ikinyesha, maji huzama kwenye miamba ile yakapotea, na ndiyo maana kila nyumba ya zamani ina kisima cha kuhifadhia maji ya paa. Maji ya bomba yalikuja kutoka mbali: chemchemi za mto Sele, kule Caposele, ng'ambo ya milima. Mfereji wake ulianza kujengwa 1906 na maji yakafika Bari 1915. Nakueleza haya ili ubebe lita mbili, si nusu. Mjini utajaza kwenye mabomba ya chuma ya uwanjani, bure, lakini kati ya mji na mji usitegemee chochote. Ukitaka kuswali utahitaji ya udhu pia. Kibla hakitakusumbua, kwani kutoka Alberobello hadi Martina unakwenda kusini mashariki, ndiko huko huko.

Utakutana na wazee kwenye Ape. Jina maana yake nyuki, na kigari chenyewe unakijua, ndiye tuktuk yako ya Malindi, ila nyuma badala ya abiria kuna masanduku ya mboga. Mzee mmoja alisimamisha ya kwake, akazima injini, akaniuliza kwa huruma: “Gari lako limeharibikia wapi?” Nikamwambia sina gari, natembea. Akauliza tena, labda sikumwelewa. Mwisho akanipa fava mbichi, yale maharage makubwa ya huku, gao moja la mkono, zikiwa ndani ya maganda yake. Huku mwezi wa tano watu wanazibambua na kuzila hivyo hivyo. Chungu kidogo, tamu kidogo.

Locorotondo utaiona kabla hujaifikia. Jina lake ni kama kusema mahali pa mviringo, na kweli mji umejizungusha juu ya kilima. Paa zake si za pia, ni za mteremko mkali, zimefunikwa vibamba vya mawe ya kijivu, na nyumba zenye paa hizo wenyewe wanaziita *cummerse*. Hakikisha umeingia kabla ya saa saba mchana. Baada ya hapo maduka yanafungwa, watu wanalala, na mpaka kama saa kumi na moja jioni utabaki wewe na paka. Niliwahi kufika saa nane na nusu nikala biskuti za mfukoni kwenye ngazi za kanisa.

Chakula, sasa. Bonde hili ni la nguruwe, nakwambia mapema. *Capocollo* ya Martina Franca ni nguruwe. *Bombette*, vile vinyama vya kukunja vinavyonukia kila bucha jioni, ni nguruwe. Hata mkate mwingine hutiwa mafuta yake, basi uliza: “C'è strutto?” Wakisema hamna, kula. Agiza *fave e cicoria*, fava kavu zilizochemshwa na kupondwa mpaka laini, pembeni mboga ya majani machungu, juu mafuta ya zeituni. Uchungu ule ukigusa ulimi utasema mchunga wa mama, na hutakosea sana, ni mimea ya ukoo mmoja. Mimi nilishindwa kumeza kijiko cha kwanza kwa kukumbuka nyumbani. Na focaccia ya Bari, mkate wao bapa wa oveni, ukafunge mwenyewe ubebe, wewe mpishi utaielewa: ndani ya unga wameponda kiazi, ndiyo siri ya ulaini wake.

Kipande cha pili ni kifupi, nacho nakuachia. Kuna bonde, kuna trulli za wakulima zisizouza kitu, kisha Martina Franca inainuka. Ingia kwa lango la Santo Stefano, uliangalie jumba la mtawala la 1668, uzunguke vichochoro nyuma ya kanisa la San Martino, upotee kidogo. Hilo neno “Franca” lilitokana na msamaha wa kodi waliopewa karne ya 14. Kwa hiyo asubuhi umetoka kwa watu waliobomoa paa kukwepa kodi, jioni umefika kwa walioisamehewa. Stesheni iko chini ya mji. Saa ya treni ya mwisho iulize tangu asubuhi, si ukiwa umeshakaa na kahawa yako.

*Bi Msafiri, mimi niko Verona, ni mwanamke, na nataka kwenda njia hizo hizo peke yangu. Watu siwaogopi, naogopa mbwa wa mashambani. Na viatu gani?*
*Dada wa Tanga*

Dada, nimezipita peke yangu mara sita. Wengi wa mbwa wako nyuma ya geti na kelele ndiyo kazi yao. Aliye nje, usimkimbie wala usimkazie macho. Simama, kisha iname kama unayeokota jiwe. Mara zote mbili zilizonikuta alirudi nyuma kabla mkono wangu haujagusa chini.

Viatu, raba zenye meno, si mabuti ya mlimani. Njia ni ya lami. Kinachoangusha watu ni mawe ya vichochoro vya mjini, yamesuguliwa na miguu ya miaka mpaka yanang'aa, na yakilowa ni sabuni. Mimi nilianguka Locorotondo mbele ya harusi nzima. Bwana harusi ndiye aliyeniinua.