Mwanangu, baridi ya Njombe sio jua limeenda mbali

Marahaba mwanangu. Ile meseji uliyonitumia jana nimeisoma mara mbili, inayosema eti kuanzia Julai dunia inatoka kilomita milioni 90 inaenda mpaka milioni 152 mbali na jua, ndo maana kuna baridi mpaka Agosti na watu watashikwa na mafua, na wewe unaniuliza mama ni kweli, manake huku Njombe nalala na mablanketi matatu. Hiyo meseji inazunguka kila mwaka, nilianza kuiona hata hujaolewa.

Kuna kaukweli humo ndani ndo maana watu wanaimeza. Njia ya dunia kuzunguka jua sio duara kamili, mwanzoni mwa Julai kweli tunakua mbali zaidi, hiyo milioni 152 iko sawa. Ila mwanzoni mwa Januari tukiwa karibu kabisa ni milioni 147. Yani tofauti ni milioni 5 tu. Hiyo 90 nadhani mtu kachukua maili akaziita kilomita, sababu wastani wa umbali wetu ni kama maili milioni 93. Ingekua kilomita milioni 90 kweli tungekua karibu na jua kuliko sayari ya Zuhura, na Zuhura ipo milioni 108 na joto lake linapita nyuzi 460, hata madini ya risasi yanayeyuka! (Ingawa Zuhura kinachoipika zaidi ni lile blanketi lake la hewa ya ukaa, Utaridi iko karibu zaidi na jua na bado haiifikii.)

Sasa hizo milioni 5 zinafanya nini. Mwanga wa jua unaotufikia Januari unazidi wa Julai kwa kama asilimia 7, sio kitu cha kukufunika mablanketi matatu. Alafu cha kuchekesha, ukichukua joto la dunia nzima kwa wastani Julai ndo kuna joto zaidi, kwa sababu kaskazini kuna nchi kavu nyingi na nchi kavu inashika moto haraka kuliko bahari. Muulize dada yako huko Minneapolis, Julai hii hii anashinda na feni, na Januari dunia ikiwa karibu na jua yeye ndo anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Kama ni umbali si tungesikia baridi wote pamoja?

Baridi yako inatokana na dunia kuinama, mhimili wake umelala nyuzi 23 na nusu hivi, Julai upande wa kaskazini ndo umelielekea jua, sisi wa kusini linatupiga kwa mshazari na mchana unafupika. Ongeza na kusi inayovuma, ongeza na Njombe yenyewe kua juu karibu mita 2,000. Mimi hapa Tanga nasema kipupwe kizuri, nimejifunga khanga basi.

Usiniamini mimi kwa vile nilifundisha jiografia, kesho saa sita na nusu mchana simama uwanjani uangalie kivuli chako. Kitaangukia kusini na kitazidi nusu ya urefu wako. Januari fanya tena utaona kimegeukia kaskazini na kimekua kifupi sana.

Umbali wenyewe ukitaka kuuona upo kwenye kalenda. Tukiwa mbali dunia inatembea polepole, hesabu siku kuanzia 20 Machi mpaka 22 Septemba, yani nusu ya mzunguko yenye Julai ndani yake, utapata 186, alafu nusu ya pili, kuanzia hapo mpaka 20 Machi tena, ni 179. Wanafunzi wangu walikua wanabisha mpaka wahesabu wenyewe.

Mafua nunua tangawizi na malimao. Na ile meseji ifute kwenye grupu la familia kabla shangazi yako hajaiona, mwaka jana aliniagiza mablanketi mawili na yuko Pangani.

Mama